Sura ya Nne: Jembe la Mgeni, Ardhi ya Mwenyeji

Maramba iko kaskazini mwa Mkoa wa Tanga, chini ya milima ya Usambara Mashariki, katika Wilaya ya Mkinga inayopakana na Kenya. Kwa asili ni nchi ya Wadigo na Wasambaa, na majirani zao Wabondei, Wasegeju na Waduruma hawako mbali. Lakini tangu Wajerumani walipoingiza mkonge mwaka 1893, ukanda huu umepokea watu kutoka kila pembe: Waha, Wanyamwezi, Wabena, Wangoni, Wamakonde wa Msumbiji, Warundi. Wengi waliletwa kwa mikataba wakaitwa manamba, wakamaliza mikataba yao, na hawakurudi kwao. Ukivuka mpaka pale Horohoro unaingia Lunga Lunga, Kaunti ya Kwale, na huko wenyeji ni Wadigo hao hao: lugha moja, dini moja, harusi na misiba ya pamoja. Mstari unaowatenganisha ulichorwa Ulaya mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi kuanzia mlango wa Mto Umba. Agosti 1997, upande wa Kenya, vijana wenye mapanga, mishale na bunduki waliwageukia watu wa bara waliokuwa wakiishi Likoni na pwani ya kusini mwa Mombasa. Zaidi ya watu 100 waliuawa na wapatao 100,000 wakayahama makazi yao. Upande wa Maramba, wajukuu wa manamba waliendelea kulima. Kwa nini? Hoja ya sura hii ni kwamba jibu haliko kwenye tabia za watu. Walio wachache hulindwa, au huachwa wazi, miaka mingi kabla ya usiku wa mapanga. Kinachoamua ni jinsi ardhi inavyogawanywa, jinsi kura zinavyotafutwa, na jinsi dola inavyolipokea onyo la kwanza. Askari anayefika usiku wenyewe anakuta maji yamekwisha mwagika.

Tuanze na Likoni, maana humo ndimo mashine ya ghasia inapoonekana kipande kwa kipande. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi hawakuanza na nyumba za watu. Walianza na kituo cha polisi cha Likoni. Waliua polisi sita, wakabeba bunduki zaidi ya 40 na risasi zake, kisha wakaingia mitaani kuwatafuta Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu na Wakamba. Vibanda vya biashara vilichomwa, vipeperushi vikasambazwa vya kuwataka wabara warudi makwao, na familia kwa maelfu zikakimbilia uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Vijana waliofanya hayo walikuwa wamekwisha kulishwa kiapo na kufundishwa mapigano katika misitu ya Kwale, ukiwemo msitu wa mababu wa Kaya Bombo. Kulisha watu kiapo, kuwapikia porini na kuwafundisha kutumia silaha hakufanyiki kwa siku moja, wala hakufanyiki pasipo mtu kusikia. Taarifa zilikuwa zimewafikia watu wa serikali mapema, zikalala. Uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba ya mwaka huo huo, na wabara wa Likoni walijulikana kuwa wengi wao waliwapigia kura wapinzani mwaka 1992. Mpiga kura hupiga pale alipojiandikisha. Ukimfukuza kabla ya Desemba, umeifuta kura yake bila kugusa sanduku. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa 1998, na uchunguzi wa shirika la Human Rights Watch uliochapishwa 2002, vyote vilionyesha mkono wa wanasiasa nyuma ya vijana wale. Ripoti ya Akiwumi ilifungiwa hadi mwaka 2002, na wakubwa waliotajwa ndani yake hawakuonja adhabu yoyote ya maana.

Hata hivyo mwanasiasa hawezi kuwasha kuni mbichi. Vijana wa Kwale walikubali kiapo kwa kuwa walikuwa na jeraha la kweli, na jeraha lenyewe lilikuwa ardhi. Pwani ya Kenya ilikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar aliyeikodisha kwa Waingereza mwaka 1895. Mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hati za ardhi iliyomtaka kila anayedai shamba kwenye ukanda ule alete uthibitisho. Mwenye karatasi na wakili alipata hati. Mdigo, Mgiriama au Mduruma aliyelima pale kwa kurithishwa na babu yake, na ushahidi wake ukiwa ni makaburi na minazi, mara nyingi alitoka mikono mitupu, na ardhi ambayo haikudaiwa kwa karatasi ikawa ya serikali ya kikoloni. Uhuru haukulirekebisha jambo hilo. Viwanja vya ufukweni vilikwenda kwa wakubwa wa Nairobi, miradi ya makazi ikawapa watu wa bara mashamba yaliyopimwa, na mwenyeji akabaki skwota juu ya ardhi ya ukoo wake. Kijana wa namna hiyo akiambiwa kwamba adui yake ni yule muuza samaki Mjaluo wa nyumba ya tatu, yuko tayari kuamini, kwa kuwa mwenye hati halisi yuko mbali, ana ukuta na ana mlinzi.

Upande wa Tanganyika historia ya ardhi haikuwa ya haki pia. Wajerumani walitangaza mwaka 1895 kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola, na Wabondei, Wadigo na Wazigua walipoteza maeneo makubwa kwa mashamba ya mkonge. Ila mambo mawili yalifuata njia nyingine. Sheria ya Ardhi ya 1923 iliifanya ardhi yote kuwa ya umma, na marekebisho ya 1928 yakatambua kwamba anayeimiliki kimila ana haki juu yake hata kama hana karatasi. Mwaka 1963 serikali ya Nyerere ikafuta umilikaji wa kudumu uliorithiwa kwa wakoloni na kuugeuza kuwa wa kukodi. Haikuwa rahisi tena kwa tajiri wa mbali kununua pwani nzima na kumfanya mwenyeji skwota. Na hapo ndipo mgeni alipopata nafasi, kwa sababu mwenyeji ambaye hajanyang'anywa hana cha kumdai mgeni.

Utazame utaratibu wenyewe kwa karibu. Mgeni anayetaka shamba kijijini haingii porini na panga lake. Anaanza kwa balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa kitongoji, anaeleza ametoka wapi na anafikia kwa nani. Ombi lake linapelekwa ofisi ya kijiji, linajadiliwa na halmashauri, linasomwa mbele ya mkutano mkuu, na wanakijiji wana haki ya kulikataa. Siku ya kuonyeshwa shamba, majirani wa pande zote wanasimama kila mmoja mpakani kwake. Hatua zinahesabiwa, mibono inapandwa kuwa alama au unatajwa mwembe wa zamani unaojulikana na wote, majina yanaandikwa kwenye karatasi, muhuri unagongwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeupa utaratibu huo nguvu ya kisheria na kuongeza baraza la ardhi la kijiji la wajumbe saba, na wanawake kati yao wasipungue watatu. Karatasi ile inaweza kuchakaa hata isisomeke, lakini ina jambo moja ambalo hati iliyotoka Nairobi mwaka 1970 haikuwa nalo: walioitia saini ni wenyeji wenyewe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo haikusema jembe hilo alitumie kwenye ardhi ya nani, na kwa Afrika Mashariki ya leo hilo ndilo swali zima. Mgeni aliyepewa jembe na mkutano wa kijiji ana mashahidi. Aliyepewa shamba na waziri ana waziri tu, na mawaziri hubadilishwa.

Nguzo ya pili ni kura. Kwa miaka mingi Tanzania Bara haikumpa mwanasiasa faida yoyote ya kumfukuza jirani wa kabila jingine. Tangu 1965 hadi 1992 chama kilikuwa kimoja, wagombea wakishindana ndani yake, na vyama vingi viliporudi sheria ya 1992 ilikataza kusajili chama kinachosimama juu ya kabila, dini au eneo. Sensa ya 1967 ilikuwa ya mwisho kuuliza kabila la mtu. Machifu waliondolewa madarakani mara baada ya uhuru, hivyo hapakuwa na ofisi ya serikali ambayo kwa jina lake tu ilikuwa ya Wasambaa au ya Wadigo. Gharama zake hazikuwa ndogo: upinzani ulinyimwa pumzi, wanavijiji walihamishwa kwa nguvu miaka ya 1970, na leo hakuna takwimu za kutuambia ni jamii gani inaachwa nyuma kwa shule au zahanati. Anayesifia amani ya Tanzania bila kutaja bei hizo anauza bidhaa nusu. Lakini kwa swali letu matokeo yako wazi: Maramba haikuwa na mtu ambaye angepata ubunge kwa kuwatoa Waha.

Atakayesema kwamba haya yote ni maelezo marefu ya jambo jepesi, kwamba Watanzania kwa asili ni watu wa upole, aitazame Zanzibar. Baada ya uchaguzi wa 1957 siasa ziliingia mashambani. Wenye mashamba ya mikarafuu wakawafukuza wakulima waliolima chini ya mikarafuu yao kwa kuwa wamefuata chama kingine, na wafuasi wa chama hicho nao wakasusia maduka ya Waarabu. Ardhi ikawa na mgogoro, kura ikawa na faida ya kugawa watu. Juni 1961, siku ya uchaguzi na siku zilizofuata, watu 68 waliuawa, wengi wao Waarabu, na wengi walikuwa watu wa mashamba na wauza duka wadogo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 waliuawa maelfu, kwa idadi inayobishaniwa hadi leo, na wengi walionusurika walikimbilia Oman na kwingineko. Wengi wa walioua na waliouawa walisema Kiswahili kilekile na kufuata dini ileile. Upole wa asili ulikuwa wapi? Ukiziweka Unguja ya 1961 na Likoni ya 1997 pamoja, viungo ni vilevile: mwenyeji asiye na uhakika wa ardhi, uchaguzi unaolipa kwa kugawa watu, na dola isiyochukua hatua mapema.

Mfano huo unajibu pia hoja ya lugha na ya utani. Ni kweli Kiswahili kimewasaidia watu wa Tanga, na ni kweli utani wa Wazigua na Wanyamwezi, uliokomaa enzi za misafara, umepooza mengi msibani na sokoni. Lakini Likoni ni Kiswahili kitupu. Mwathiriwa aliomba kwa Kiswahili na mvamizi akamjibu kwa Kiswahili. Lugha moja inawasaidia watu kusikilizana pale ambapo wana sababu ya kusikilizana, na haiwezi kuumba sababu hiyo. Utani nao hukaa juu ya usalama. Mtu hawezi kumtania jirani anayemhofia kwamba atamnyang'anya shamba.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wenyeji, na linastahili kusikilizwa kwa makini kwa sababu lina ukweli ndani yake. Linasema: kila mnapozungumzia kuwalinda wachache, mnawalinda walioletwa juu yetu, na dhuluma tuliyofanyiwa inageuka sheria. Mpeketoni, katika Lamu, ni kielelezo chake. Mradi wa makazi wa Ziwa Kenyatta ulianza miaka ya 1970 kwa kuwapa ardhi hasa Wakikuyu kutoka bara, huku wenyeji wa Lamu wakilalamika miaka yote kwamba wao hawana hati. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani katika siku mbili. Al-Shabaab walidai kuhusika, serikali ikawanyooshea kidole wanasiasa wa eneo hilo, na kwa vyovyote vile wauaji walijua wapi pa kupata kidonda cha kutonesha. Madai ya mwenyeji ni halali, ila panga halimfikii mdaiwa. Likoni, aliyefukuzwa alikuwa mpangaji wa chumba kimoja na mama wa kibanda cha mboga, wala si mwenye viwanja vya ufukweni. Watalii walipokimbia, vijana wa Kidigo walipoteza kazi mahotelini. Msako wa polisi uliofuata uliwakamata na kuwatesa Wadigo wasio na hatia, kwa sababu tu ya kabila lao. Kwa hiyo wenyeji walipoteza mara mbili na ardhi haikurudi. Hapa ndipo hoja yangu inapotofautiana na zile za kawaida za haki za wachache: kumpa mwenyeji uhakika wa ardhi yake ndiyo hatua ya kwanza ya kumlinda mgeni, na serikali isiyotaka kuifanya isijisifu kwamba inapinga ukabila.

Wengine watasema maneno ya ardhi na sheria ni ya polepole, na kwamba raia hulindwa kwa askari wa kutosha. Askari wanahitajika, hilo halina ubishi. Lakini Likoni kituo cha polisi ndicho kilichowapa wavamizi silaha, na Mpeketoni wauaji walirudi usiku wa pili baada ya taifa zima kusikia ya usiku wa kwanza. Upungufu haukuwa wa idadi peke yake. Habari ilikuwapo ila aliyeipokea hakuwa na sababu, au hakuwa na ruhusa, ya kuitumia. Huko vijijini wa kwanza kujua ni watu wasio na cheo: dereva wa bodaboda aliyebeba wageni watatu usiku kuelekea msituni, muuza duka anayeshangaa kwa nini mapanga yamenunuliwa kwa mkupuo, mwalimu wa madrasa ambaye wanafunzi wake wakubwa wameacha kuja. Wataeleza ikiwa wanaamini kwamba habari haitamrudia mhusika kabla jua halijazama. Ndiyo maana adhabu kwa wakubwa ni sehemu ya ulinzi: anayeona waliotajwa na tume wakirudi bungeni hujifunza kunyamaza. Kenya ililipa bei hiyo tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 walipouawa, wakiwemo waliochomwa ndani ya kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret tarehe 1 Januari 2008.

Mkoa wa Tanga wenyewe una ushahidi mwingine, wa watu walioachwa bila ngao na baadaye wakapewa. Katika karne ya 19 Wazigua wengi, wakisukumwa na njaa na biashara ya watumwa, walisafirishwa hadi Somalia. Waliotoroka walijenga vijiji kando ya Mto Juba, wakalima, na wengine wakaitunza lugha yao ya Kizigua. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wanamgambo wa koo walivamia bonde la mto huo na kuwapora chakula, wakaua na kubaka. Wakulima hao hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwatetea, na walikuwa wamedharauliwa muda mrefu kwa sura zao na nywele zao. Wengi walikimbilia kambi za Kenya, na baadaye wapatao 12,000 wakapokelewa Marekani. Wengine walikuja kwa bahari hadi Tanzania, wakawekwa Handeni, na baadaye wakapewa makazi na mashamba huko Chogo, wilaya hiyo hiyo, pamoja na njia ya kuomba uraia. Itasemwa kwamba hao walikuwa ndugu waliorudi nyumbani, na ukarimu kwa ndugu si kipimo. Basi wapime Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 na kuishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Takriban 162,000 kati yao walipewa uraia, ingawa vyeti vilicheleweshwa hadi 2014, na miaka hiyo ya kusubiri ilionyesha jinsi mtu asiye na karatasi anavyoweza kuambiwa ahame wakati wowote. Katika visa vyote viwili kilichowatoa watu kwenye hatari ni mambo mawili: uraia na mahali pa kulima panapotambulika.

Kwa hiyo Maramba isijisahau. Leo mgeni anayezungumzwa kwa hofu mkoani Tanga ni mfugaji. Ng'ombe wanaongezeka, malisho yanapungua, na Kilindi, Handeni na Mkinga zote zimeshuhudia migogoro ya mashamba na mifugo. Rudewa Mbuyuni, Kilosa, tarehe 8 Desemba 2000, mgogoro wa namna hiyo uliishia kwa vifo vya watu 38. Viungo vinaanza kukusanyika: mwenyekiti anayempokea mtu mwenye ng'ombe mia mbili kwa mapatano ya chumbani, bila mkutano mkuu, mkulima anayeamka na kukuta mahindi yameliwa na kesi yake haisikilizwi, mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa ambayo kila upande unayadai, na mgombea wa udiwani anayeahidi kuwaondoa. Kwamba hapa watu huitwa wakulima na wafugaji badala ya kutajwa kwa makabila hakubadilishi kitu, kwa sababu kila mtu kijijini anajua mfugaji ni nani, anavaaje na nyumba yake iko wapi.

Hatua zinazotakiwa zinafahamika, na nyingi hazihitaji sheria mpya. Vijiji vipimwe na mwenyeji apate hati yake ya kimila mapema, ili akimpokea mgeni ampokee akiwa na amani ya moyo. Kila mgao wa ardhi kwa mgeni, awe mkulima au mfugaji, upite mkutano mkuu na uandikwe kwenye muhtasari, na mwenyekiti anayeuza ardhi chumbani ashitakiwe yeye, si aliyenunua peke yake. Kamati za usalama za Mkinga na Kwale ziwe na utaratibu wa kupeana habari, kwa kuwa misitu haina mpaka. Polisi wanaofuata ghasia wamkamate mtu kwa alichofanya na kamwe si kwa kabila lake, la sivyo wanapanda mbegu ya ghasia zijazo. Na atakayelisha vijana kiapo au kuwagharamia afikishwe mahakamani hata kama ni mbunge. Kipimo cha kazi hiyo yote si hotuba za umoja wa kitaifa. Ni kama kaya ndogo kuliko zote kijijini, isiyo na ukoo wala mkubwa wa kuitetea, inaweza kuambiwa ihame wiki moja kabla ya uchaguzi, ikakataa, na majirani walioshuhudia mpaka wa shamba lake wakasimama upande wake.